Nta Chini ya Vyungu vya Nyirabagenzi

Jumatatu asubuhi Odette alifungua mlango wa chumba cha maonyesho, akaweka mkoba juu ya kiti, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya katikati. Ndivyo alivyoanza kila wiki. Alishika shingo ya chungu cha kwanza kwa vidole viwili, akakisukuma kidogo. Kikasogea. Cha pili nacho kikasogea. Cha tatu kiliteleza mpaka karibu na ukingo, akakidaka kwa mikono yote miwili.

Akakigeuza. Chini ya kitako, pale alipokuwa amebandika vipande vitatu vya nta, palikuwa pamekwanguliwa kwa kisu. Udongo ulikuwa umechunika na kubaki na alama nyeupe.

"Tuyishimire!"

Tuyishimire, mama aliyefanya usafi katika jengo lile, alitokea uani akiwa na kitambaa chenye maji mkononi.

"Nani amekwangua hapa?"

"Ni mie, Maman Elikia. Prezida alipitisha kidole pale, akasema kuna buchafu inanata. Eti bageni bakiona batasema nini?"

"Buchafu? Iyo ni nta yangu! Nilikuambia mara ngapi? Ukifuta, futa juu. Chini ya bintu usiguse."

"Ulisema, Maman. Lakini yeye ni Prezida."

Odette alikirudisha chungu ukutani kabisa, mbali na ukingo, akakaa kwenye kiti juu ya mkoba wake bila kujua. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Vyungu kumi na kimoja, vipande vitatu kila kimoja, kazi ya siku mbili nzima akiwa amepiga magoti, na sasa aanze tena.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mumewe, mwanaume wa Bukavu, alikuwa amefariki zamani, na watu wa Kamembe walimwita Maman Elikia kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa muuguzi huko Bugarama. Kwa miaka tisa Odette alikuwa ametunza chumba cha maonyesho cha koperative ya wafinyanzi na wasusi, kando ya barabara inayoteremka kwenda daraja la Rusizi ya Pili. Wanawake wa Bukavu waliovuka mpaka kufanya biashara walisimama pale kutazama vikapu na kuulizia vyungu. Karibu kila kitu mle ndani kiliuzwa, isipokuwa vile vya rafu ya katikati. Vile vilifinyangwa na mama yake, Nyirabagenzi wa Giheke.

Nyirabagenzi alikuwa amefinyanga tangu akiwa msichana hadi vidole vilipokataa. Sasa viungo vya mikono yake vilikuwa vimevimba na kupinda, na macho yake yaliona mwanga na vivuli tu. Hakuna chungu kingine ambacho kingetoka kwenye mikono ile. Nyumbani kwake Giheke palikuwa na rafu ya mbao yenye vyungu zaidi ya arobaini, ambavyo hakutaka kuuza kwa sababu zake mwenyewe. Kisha ikaja Jumapili ile ya Februari mwaka 2008, ardhi ikatetemeka watu wakiwa makanisani. Nyirabagenzi alitoka salama. Odette alipofika kutoka Gihundwe, akipita nyumba zilizopasuka njia nzima, alimkuta mama yake ameketi uani. Ndani, vigae vilifika kwenye vifundo vya miguu. Walivuta vyungu kumi na kimoja vizima kutoka kwenye rundo lile. Odette alivihesabu mara mbili akidhani amekosea.

Tangu siku ile hakuweza kuona kitu cha udongo mahali pa juu bila kukisogeza nyuma. Hata kwa watu alikowatembelea alisogeza vikombe vyao kabatini, wakamwona mwanamke wa ajabu.

Miaka mitatu kabla ya Jumatatu ile ya nta iliyokwanguliwa, koperative ilikuwa imempeleka semina ya siku mbili. Mwalimu alikuwa binti mwembamba aliyeitwa Umwali, aliyesomea kutunza vitu vya kale. Alitoa mfukoni kikopo kidogo, ndani yake mkiwa na nta nyeupe, laini kama siagi iliyokaa kivulini. Alimega kipande kama punje ya njegere, akakiviringisha kati ya vidole mpaka kikapata joto, akakibandika chini ya kikombe. Akaongeza viwili. Kisha akakiweka kikombe juu ya ubao, akakikandamiza huku akikizungusha kidogo sana, kama mtu anayefunga kifuniko. Akaushika ubao na kuutikisa kwa nguvu. Kikombe kikatulia kama kimeota pale.

"Na ukitaka kukitoa?" Odette aliuliza.

"Usikivute. Unakizungusha polepole, kinaachia chenyewe. Nta unaifuta kwa kitambaa, kitu kinabaki kama kilivyokuwa."

Odette alihisi machozi yakimlenga mbele za watu, kwa hasira zaidi kuliko furaha. Vyungu zaidi ya thelathini vya mama yake vilikuwa vimekuwa vigae, kumbe kitu cha kuvizuia kilienea kwenye kikopo cha mfukoni! Baada ya semina alimng'ang'ania Umwali mpaka akapewa nusu ya kikopo, pamoja na chupa ndogo ya rangi isiyoonekana ya kupaka kwanza chini ya vyungu, ili udongo usinywe mafuta ya nta na kuota doa.

Nusu ya kikopo ilitosha mara moja tu. Nta ilipoisha Odette alitafuta Kamembe yote, akawatuma wanawake wa Bukavu wamtafutie, nao wakamletea mishumaa, gundi ya viatu, na safari moja dawa ya kung'arisha sakafu. Alimpigia simu Umwali. Umwali akamwambia kwamba ya kwake iliagizwa kutoka mbali, lakini mtu mwenye subira angeweza kujaribu nta ya nyuki na kitu cha kuilainisha.

Basi akaenda Giheke kwa Mzee Rukundo, mfugaji wa nyuki, akarudi na bonge la nta ya manjano. Peke yake ilikuwa ngumu. Ilibanduka kama ganda la yai mara tu ubao ulipotikiswa. Akachanganya na mawese: ikawa laini, lakini ilinuka, ikapaka ubao rangi ya chungwa, na asubuhi yake siafu walikuwa wamejipanga kutoka dirishani. Akachanganya na mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini. Yakizidi, kikombe kiliogelea. Yakipungua, kilibanduka. Aliyeyusha nta ndani ya sufuria ndogo iliyowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kijiko kwa kijiko, akaandika vipimo kwenye daftari la shule, akatikisa ubao jikoni kwake Gihundwe mpaka jirani akauliza anakung'uta nini kila Jumamosi. Alivunja vikombe tisa. Ilimchukua miezi minne kupata mchanganyiko uliokaa.

Hiyo ndiyo nta ambayo Tuyishimire aliikwangua kwa kisu cha kumenyea viazi.

Siku ileile ya Jumatatu Odette alimfuata Kalisa, prezida wa koperative, ofisini kwake nyuma ya jengo. Kalisa hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeihangaikia koperative mpaka ikapata jengo, na alivaa koti hata siku za joto kali ili watu wajue kwamba wafinyanzi nao wana ofisi. Lakini alipenda vitu ving'ae.

"Prezida, bamekwangua nta tena."

"Odette, keti. Wageni wanafika Jumanne ijayo, watu wakubwa. Siwezi kuwaonyesha chungu chenye kitu kinanata chini kama bazoka iliyotafunwa na mtoto."

"Haionekani. Mpaka ukigeuze."

"Na wakitaka kukigeuza? Mgeni anataka kushika. Mwezi uliopita yule bwana alivuta chungu hakikutoka, akaona aibu."

"Alivuta. Ningekuwapo ningemwonyesha kuzungusha."

"Tumfundishe kila mgeni kuzungusha?" Kalisa alicheka kidogo. "Mama yangu, tetemeko kubwa lilikuja lini? Watoto waliozaliwa mwaka ule wanamaliza shule."

"Madogo yanakuja kila mwaka. Na ile etajeri minakuambia tena, inatembea. Imefungwa na ukuta upande mmoja tu. Hata nta ikishika vyungu, nani anashika etajeri?"

Habari ya rafu ilikuwa mzozo mwingine, wa zamani zaidi. Ilikuwa ndefu kumzidi mtu, ya mbao nzito, imesimama tu kwa miguu yake. Odette aliomba ifungwe ukutani. Akaambiwa mwenye jengo hataki matundu. Akaenda mwenyewe kwa mwenye jengo, mzee mmoja wa Gihundwe, naye akamwambia hajawahi kuulizwa, watoboe wanavyotaka. Akarudi na jibu hilo kwa Kalisa, na Kalisa akasema sawa, tutamwita fundi. Miezi saba ikapita. Fundi Christophe-Aimé alipofika hatimaye, alifunga vyuma vya pembe upande wa kushoto, vikakaa vizuri, kisha umeme ukakatika kabla hajatoboa upande wa kulia. Akasema atarudi kesho.

"Fundi atarudi," Kalisa alisema sasa.

"Alisema kesho. Iyo kesho ilikuwa mwezi wa tatu."

"Nitampigia."

Odette alitoka akijua hatapiga. Alimpigia yeye mwenyewe palepale uani, na Christophe-Aimé akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Maman, niko chantier, tunajenga huku Bugarama. Wiki hii siwezi. Wiki ijayo ndiyo." Odette aliitazama simu kwa muda baada ya fundi kukata. Watu wote hawa walimjibu kwa upole, na upole wao ndio uliomchosha. Angalau mtu angemwambia hapana, angejua pa kusukuma.

Jumapili, bila kumwambia mtu, alirudi kazini baada ya misa. Aliyeyusha nta, akapaka tena ile rangi isiyoonekana penye makwaruzo, akapiga magoti. Ilipofika saa kumi alikuwa amebandika vyungu saba. Nta ikaisha. Vinne vilivyobaki, mtungi mkubwa wa maji, chungu cha pombe chenye shingo ndefu na viwili vya kupikia, alivisogeza ukutani, akajiambia atavimaliza akipata nta kwa Mzee Rukundo.

Jumatatu Kalisa aliingia, akaitazama rafu, akavichagua vilevile vinne kwa kuwa vilitoka bila shida. Akaagiza meza iwekwe katikati ya chumba, itandikwe kitambaa cheupe cha kung'aa, na vyungu vinne vipangwe juu yake.

"Juu ya satini?" Odette alisema. "Prezida, iyo kitambaa inateleza kama samaki."

"Ni siku moja tu."

Wageni walikuja Jumanne, wakapiga picha, wakashika, wakasifu. Mmoja aliuliza nani alifinyanga, na Odette alipofungua kinywa Kalisa akawa amekwisha jibu: "Wanachama wetu." Walipoondoka Odette alianza kuinua mtungi kuurudisha, lakini Kalisa akamzuia. Kuna mpiga picha wa gazeti atakuja Ijumaa, alisema, na meza imependeza. Jumatano Odette aliomba tena. Akaambiwa Ijumaa.

Alhamisi, saa nne na nusu hivi asubuhi, Odette alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu. Alisikia mngurumo, akadhani ni lori la saruji linateremka kutoka barabara kuu. Mngurumo ulizidi bila lori kupita. Kisha sakafu ikamsukuma magoti kutoka chini, na vioo vya dirisha vikaanza kulia.

"Maman Elikia! Toka! Toka inje!" Tuyishimire alipiga kelele, akakimbia na kufika uani.

Odette hakutoka. Kila mtu aliyemsimulia baadaye alimwambia alifanya ujinga, naye hakubisha. Lakini wakati ule aliona jambo moja tu: upande wa kulia wa rafu, ule usio na vyuma, ulikuwa ukiachana na ukuta. Ufa wa mwanga ulifunguka na kufumba, ukafunguka tena. Aliruka, akageuka, akaweka mgongo wake kwenye ubao na miguu mbele, akasukuma kwa nguvu zake zote. Uzito ulimjia mabegani kama gunia la mchele, ukapungua, ukaja tena. Juu ya kichwa chake vyungu saba vilikuwa vimetulia. Hakuviona, lakini alijua, kwa sababu hakusikia kitu. Nta ilikuwa imeshika.

Mbele yake, hatua tatu tu, meza ilikuwa ikitetemeka, na vile vinne vilikuwa vinatembea.

Vilikwenda polepole. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Chungu cha pombe kilizunguka juu ya satini kama mtu anayetafuta mlango. Mtungi mkubwa ulisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na Odette aliona mahali ambapo kiganja cha mama yake kilikuwa kimepapasa udongo ukiwa bado mbichi. Akiachia rafu, anadaka mtungi na kupoteza saba, pengine na kichwa chake. Akishika rafu, mtungi basi.

"Ngoja," aliuambia mtungi, kwa sauti. "Ngoja kidogo, ngoja."

Ulianguka. Chungu kimoja cha kupikia kikaufuata, kisha kile cha pombe. Cha nne kilijikwaa kwenye mkunjo wa kitambaa, kikalala ubavu, kikabaki mezani.

Halafu kukanyamaza. Huenda ilikuwa nusu dakika yote kwa yote. Barabarani watu waliitana majina. Odette aliendelea kuisukuma rafu na mgongo, mpaka Tuyishimire aliporudi, akamshika mkono na kumwambia imekwisha, Maman, imekwisha.

Kamembe yote haikupata maafa siku ile. Kuta chache zilipasuka, watu wakalala na hofu, na kwa wengi hadithi ikaishia hapo. Kalisa alifika akihema, koti begani, akasimama mlangoni akitazama vigae. Odette alimwona amepauka, akatumaini atakiri.

"Asante Mungu hakuna mtu aliyeumia," Kalisa alisema mwishowe. Kisha akaongeza, "Hili ni janga la asili. Hakuna ambaye angeweza kulizuia."

Odette alinyoosha mkono kuelekea rafuni. Vyungu saba vilikuwa pale, hakuna hata kimoja kilichosogea upana wa ukucha.

"Na ile saba?"

Kalisa alivitazama vile saba, akaangalia chini, akatoka kupiga simu.

Mchana Odette alifunga vigae ndani ya gunia, akapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Giheke. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini, miguu juani. Alikuwa amesikia tetemeko na kutoka nje kwa kushika ukuta. Waliongea Kinyarwanda, kama walivyoongea siku zote wawili hao.

"Mama, vyungu vitatu vimevunjika. Mtungi ni mmojawapo."

Nyirabagenzi alinyoosha mikono yake iliyopinda. Odette akampa kigae kimoja kimoja. Mama alivipapasa kwa kiganja, kwa kuwa vidole havikuhisi vizuri tena. Kimoja alikishika muda mrefu.

"Udongo huu niliuchimba nikiwa na mimba yako," alisema. "Ulikuwa na mawe. Nilichukia kuufinyanga." Akakiweka chini. "Wewe ulikuwa wapi?"

Odette akamweleza. Alipofika kwenye kuishika rafu kwa mgongo, mama yake alimkatiza.

"Ulisimama chini yake?"

"Nilishika saba, Mama."

"Nakuuliza, ulisimama chini yake?"

"Ndiyo."

Nyirabagenzi alimpiga kofi la paja, kofi dhaifu la mtu mwenye miaka themanini na zaidi, lakini kofi. "Mimi nimevunja vyungu vingi kuliko nilivyouza! Vingine vilipasukia motoni nikiwa nimefunika kwa nyasi, nikacheka nikaenda kuchimba udongo mwingine. Nani alikutuma? Vyungu ni vya maharage. Nyinyi mmeviweka juu kama watakatifu."

"Huwezi kufinyanga tena, Mama."

"Najua siwezi. Mikono ni yangu."

Odette alikuwa amekuja na hasira ya kumwekea mtu, na mtu pekee aliyekasirika siku ile alikuwa mama yake, tena alimkasirikia yeye. Alilia kidogo akitazama upande wa migomba. Mama yake hakumwona lakini alimsikia, akampa mkono.

Jumatatu iliyofuata Kalisa alimwita kutia saini ripoti ya kupeleka ofisi ya serikali ya sekta. Ilikuwa ukurasa mmoja, imepigwa vizuri. Odette aliisoma akiwa amesimama. *Vyungu vitatu vya koperative vimevunjika kutokana na tetemeko la ardhi, janga ambalo haikuwezekana kujikinga nalo.*

"Sitii saini."

"Odette..."

"Andika kwamba vilivyovunjika vilitolewa kwenye rafu vikawekwa juu ya satini. Andika saba vyenye nta havikuguswa. Andika kwamba etajeri ina vyuma upande mmoja, tangu mwezi wa tatu."

"Unataka nijishtaki mwenyewe?"

"Ninataka uandike kilichotokea. Basi."

"Wewe ndiye mtunzaji. Wakiuliza nani alikuwa na dhamana, watauliza wewe."

"Baulize. Nitajibu."

Kalisa alivua miwani akaiweka mezani. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na Odette aliona kwamba hata yeye hakulala vizuri wiki ile. Lakini hakuandika. Siku mbili baadaye Tuyishimire alimfuata Odette uani, akizungusha kitambaa mikononi, akakiri kwamba ametia saini yeye kama shahidi. Aliambiwa ni karatasi ya kusema tetemeko lilikuja. "Na lilikuja kweli, Maman," alisema.

Odette hakumgombeza. Alinunua karatasi mbili kwenye duka la jirani, akaandika kwa mkono wake, kwa Kinyarwanda, kila kitu kwa mpangilio: tarehe ya semina, mara tatu za kukwanguliwa, jibu la mwenye jengo, kesho ya fundi, satini. Akachora rafu na mahali vyuma vilipo na visipokuwepo. Akaipeleka mwenyewe ofisi ya sekta na kuomba muhuri kwenye nakala yake. Afisa aliyeipokea alikuwa kijana mwenye haraka, akaiweka juu ya rundo. Odette alitoka akiwa na hakika kwamba rundo lile halitafunguliwa.

Ilipita karibu miezi miwili. Siku moja Kalisa akaitisha mkutano wa wanachama. Alisimama mbele akiwa na barua yenye muhuri wa sekta, akasoma kwamba nyumba zote zenye maonyesho zifunge rafu zake ukutani pande zote na kuhakikisha vitu vinavyovunjika havitelezi. Kisha akakunja barua na kutangaza kwamba yeye, kwa kuona mbali, alikuwa amekwisha andaa mpango wa nta, na koperative yao itakuwa ya kwanza katika eneo zima. Watu wakapiga makofi. Odette, mstari wa nyuma, alibana meno mpaka taya likauma. Mwanamke aliyeketi kando yake alimgeukia akamnong'oneza, "Si ni ile ya kwako?" Odette akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hilo tu ndilo alilopata siku ile.

Christophe-Aimé alikuja wiki hiyohiyo, saa mbili kamili asubuhi. Upande wa kulia ulimchukua dakika ishirini. Odette alimpa kiti cha kupandia, akasimama kando akihesabu kila skrubu inavyozama, na fundi alipomaliza, akafuta mikono na kusema, "Kumbe ilikuwa kazi ndogo," Odette alilazimika kutoka nje apate hewa.

Aliporudi aliishika rafu kwa mikono yote miwili akaitikisa. Haikutikisika. Akaitikisa tena, kwa nguvu ambazo fundi alizishangaa.

Kalisa alitaka wanachama wote wafundishwe, na akamwomba Odette aonyeshe, kwa adabu, akimwita Maman Odette mbele za watu. Hakuomba radhi. Siku moja tu, walipokuwa wawili chumbani, alisimama mbele ya nafasi tupu palipokuwa na mtungi na kusema, "Ule mtungi ulikuwa mzuri." Odette akasema, "Ndiyo." Hakumsaidia kusema zaidi.

Wa kwanza kujifunza alikuwa Tuyishimire. Odette alimweka mbele ya rafu na kikopo cha nta mpya, akampa kikombe cha kuuza, cha kujaribia, akamwambia amege kidogo kama njegere, aviringishe, abandike, akandamize, azungushe. Tuyishimire alimega kipande kama ndizi changa.

"Kubwa," Odette alisema.

Akapunguza, akaviringisha kwa uangalifu, ulimi nje.

"Bado kubwa. Punguza."

"Si ikiwa kubwa inashika zaidi, Maman?"

"Ikiwa kubwa inateleza. Punguza."

Tuyishimire akapunguza. Bado ilikuwa kubwa.